Wallahi ni Mbega

Harufu ya mahindi mabichi yakichomwa hunifanya niinamishe macho, hata njiani, mbele ya watu wasionijua. Nimeandika habari hii mara nyingi nikaichana, kwa kuwa kila mara najikuta nimejipamba. Leo naiacha kama ilivyo.

Nilikuwa na miaka kumi, Likoni, kabla ya Uhuru. Nyuma ya shamba la bibi yangu palikuwa na mahame, konde la zamani lililoachwa hata likaota msitu tena. Mimi, niliyeketi juu ya dungu kulinda mahindi, niliwajua wakaao humo kama wapangaji wa nyumba moja. Mbega, weusi wenye mabega meupe, walikaa juu kabisa kwenye miti mirefu ya mibambakofi, wakitafuna majani kimyakimya. Kima walikaa kati, penye mkuyu uliozaa. Tumbili walikuwa wa chini, pembeni, mlangoni mwa shamba letu.

Kazi yangu ilikuwa kupiga debe ili kuwafukuza wasiingie shambani. Lakini siku ile nilipanda dunguni na daftari kuukuu la kaka yangu. Shule sikupelekwa, nikawa najifundisha mwandiko mwenyewe. Herufi ikipinda, nafuta, naanza upya. Nilipoinua kichwa, mahindi ya matuta mawili yalikwisha vunjwa, na mkia wa tumbili wa mwisho ulikuwa ukiingia kichakani.

Bibi aliponiita niliitika abee. Tumbili hupita chini kwa kelele; mlinzi asiyewaona huyo hakulinda. Nikasema ni mbega, wameshuka kutoka juu bila sauti.

Bibi akamwita Babu Mwakombo, jirani yetu Mdigo mwenye upinde. Alitazama udongo baina ya matuta, kisha akachuchumaa mbele yangu.

"Mbega, mwanangu?"

"Ndiyo, babu."

"Si tumbili?"

"Si tumbili."

"Uliwaona kwa macho yako?"

"Wallahi ni mbega."

Akanyanyuka. Kwetu neno hilo likishatoka, hakuna aulizaye tena. Hata bibi, aliyekuwa akinikanya nisilitie kinywani, alirudi zake jikoni.

Alasiri Babu Mwakombo alileta mbega jike aliyemfuma kwa mshale. Kitoto, cheupe kama pamba, kilikuwa bado kimemng'ang'ania kifuani. Alipomchuna alipasua tumbo mbele yangu. Majani matupu, hamkuwa na hata punje moja ya mahindi. Bibi alisema, "Kima ni kima, wote ni wezi," akaenda kuchoma mahindi yaliyosazwa na wezi ili yasipotee bure. Nilikula. Kitoto hakikufika asubuhi.

Mbega waliobaki walihama. Nilidhani kima watapanda kukaa mahali pao. Hawakupanda, majani yale hayakuwa riziki yao. Tumbili wakaendelea kuiba kama kawaida, na juu pakabaki patupu.

Nilipokua nilifunga siku tatu, kafara ya kiapo, na huenda Mungu ameipokea. Lakini ni juzi tu, Babu Mwakombo keshazikwa, nilipotambua kwamba mtu aliyesoma nyayo maisha yake yote hakuwa na haja ya kuniuliza. Udongo ulikwisha kumwambia. Aliniuliza mara tatu ili nipate pa kurudi nyuma, nami nikapaziba kwa jina la Mungu. Baada ya hapo, kunikatalia kungekuwa kunitangaza mbele ya bibi kuwa nimeapa uongo. Akaona afadhali anisitiri. Na sitara yenyewe ilikuwa ngozi ya mbega.