Zimwi Lililojua Mluzi wa Masunga

Ipo siku moja ya mavuno kule Ngulyati ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na tangu uniambie kwamba wachezaji wako wa mchezo wa dadu na mazimwi wanakukimbia, imenirudia tena. Sipendi kutoa nasaha. Nyingi nilizopewa mimi nilipozipima hazikusimama. Hii nayo ipime mwenyewe.

Chuo kilikuwa kimefungwa, nami nimerudi nyumbani na dadu na kitabu cha mazimwi nilichoachiwa na rafiki. Ndiyo kwanza wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kushindana na ushirika, na kila mmoja alitaka pamba safi. Basi tulishinda barazani tukichambua, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule, na huku tukicheza. Mimi nilisimulia safari na kuyaendesha mazimwi. Binamu yangu Masunga alikuwa shujaa wa mkuki. Mama yako, mdogo wangu Kabula, alikuwa msichana mkamuaji. Dadu tulizirusha kwenye ungo.

Mama yako alikuwa amefeli kidato cha nne, na tangu matokeo yatoke alikuwa hasemi. Kwenye mchezo tu ndipo alipofungua mdomo. Lakini Masunga aliua kila zimwi kabla sijamaliza kulieleza, akacheka. "Kaka msomi, leta lingine. Hili lilikuwa mbuzi." Nikaongeza meno, nikaongeza ngozi, nikaongeza nguvu. Masunga akapona kwa shida, akafurahi. Msichana wa Kabula akafa mara tatu mfululizo, na mara ya tatu mama yako akasogeza kikapu chake mbali na sisi, akanyamaza kama zamani.

Mayu, yaani bibi yako, alikuwa akitusikiliza muda wote.

"Hilo dude lako linapigana na nani?" akaniuliza.

"Na wote, mayu."

"Linapigana na Masunga. Huyu mwingine linamla tu. Umeona anachoweza, au umehesabu meno?"

Nilibisha. Nilisema kanuni ni kanuni, kitabu ndivyo kinavyosema. Akanijibu kwamba aliyeandika kitabu hajawahi kukaa na sisi, watoto wake yeye mayu, akaendelea na pamba. Nilikasirika, sikulala vizuri. Ni kweli nilikuwa simtazami mtu?

Kesho yake nilimwomba Kabula acheze mara moja tu. Alikuja, akakaa upande. Nikaleta zimwi dogo, bovu, lisilo na meno ya maana. Ila lilikuwa limejifunza mluzi ambao Masunga huwaitia ng'ombe.

"Nalichoma mkuki," akasema Masunga.

"Limejificha katikati ya kundi. Linapiga mluzi wako, na ng'ombe wote wanalifuata kuelekea mtoni."

"Nami napiga mluzi."

"Wanazidi kukimbia. Sasa wanasikia miluzi miwili."

Masunga akashika kidevu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Ndipo Kabula akauliza, macho yakiwa kwenye pamba, "Ng'ombe hawa nani anawakamua?"

"Wewe."

"Basi sauti yangu wanaijua, na zimwi halijawahi kukamua. Nawaita kwa majina." Akaanza kuwaita, ng'ombe wa nyumbani kwetu hasa: Madoa, Jioni, Kipembe.

Masunga akamtupia bonge la pamba. "Kipembe alikufa kwa ndigana, wewe."

"Huku hajafa," akasema mama yako. "Rusha dadu."

Hakunyamaza tena siku ile, wala iliyofuata.

Kwa hiyo, mwanangu, usiongeze meno. Mwenye nguvu mpe zimwi ambalo nguvu zake hazilifikii, kisha uache mlango ambao ufunguo wake anao yule anayekaa upande. Kama kitabu kinakataa, kibishie. Nami nibishie pia.

Mungu akupe wachezaji wakaidi, akupe na jicho la kumwona aliyesogeza kikapu chake.