Daftari la Matusi

Mzee anayetunza magazeti ya zamani hafungui jalada kabla ya kupangusa viganja kwenye suruali, kisha hufunua kurasa taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Enzi zake alikuwa msahihishaji gazetini. Barua ya msomaji ikija na neno chafu, hata "pumbavu" tu, yeye ndiye aliyeliondoa na kuweka nukta mahali pake. Lakini hakulitupa. Aliliandika kwenye daftari, pamoja na tarehe. Wenzake walimtania kwamba anafuga matusi. Yeye akawajibu kwamba tusi nalo lina mwenyewe.

Leo asubuhi alikuja mjane kutafuta barua ya marehemu mumewe kuhusu mabomba yaliyokauka mtaani kwao. Akaisoma, akakwama kwenye nukta.

"Hapa alisema nini, baba?"

Mzee akafungua daftari, akavaa miwani, akakohoa. "Uniwie radhi, mama. 'Wapumbavu wa kutupwa nyinyi, na mabomba yenu.'"

Mjane akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakamtikisika kwa kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Ndiye huyo," alisema. "Hebu nisomee tena."

Mzee akamsomea tena, na safari hii hakuomba radhi.