Mkono wa Mama Mihayo

Nilipokuwa mhudumu kwenye mgahawa wa Mfaransa, pale kwenye miamba ya Kapripointi, Mwanza, kazi yangu hasa ilikuwa kuangalia midomo. Mgeni anaweza kukusifia chakula kwa maneno matamu huku akiomba moyoni ukiondoe mezani. Mdomo wake hauwezi. Anayekipenda chakula hutafuna taratibu, asiyekipenda hukisukumia shavu moja na kutafuta maji. Kwa hiyo nikianza kumsimulia Wilhelmina nitaanzia kwenye midomo, na asiyetaka aishie hapa hapa.

Mtaani hakuna aliyemwita Wilhelmina. Alikuwa Mama Mihayo, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita na kusahau njia ya kurudi. Alikaa Mabatini, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe mawili makubwa, mjane mnene, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye viganja vipana ambavyo sijaviona kwa mwanamke mwingine. Mtoto akikataa uji, alipelekwa kwake. Aliketi chini akanyoosha miguu, akamlaza mtoto chali mapajani, akakunja kiganja kikawa kikombe mdomoni mwa mtoto, kisha akakijaza uji. Ukingo wa kiganja uliziba pua. Mtoto akitaka kuvuta pumzi sharti ameze, na akimeza anajaziwa tena. Wanawake wengi kanda ile walilisha hivyo, ila wengi walikuwa na papara na watoto wakapaliwa. Kwake hakupaliwa hata mmoja. Aliimba Kisukuma kwa sauti ya chini, na uji ukaisha.

"Watoto wananipenda," alikuwa akijisifu. "Wakiniona tu wanafungua mdomo."

Na ilikuwa kweli. Mimi kwetu ni Ujiji, nililetwa Mwanza nikiwa binti mkubwa, hivyo mkono ule haukunipitia. Lakini nimepanda naye vilima vya Mabatini nikaona kwa macho yangu: mtoto yuko mgongoni kwa mama yake, anakutana na Mama Mihayo, mdomo unafunguka na kubaki wazi mpaka apite. Watu walicheka wakasema yule mama ana baraka. Mimi sikupenda. Mtoto mwenye hamu ya kula hurusha mikono, na wale hawakurusha chochote.

Mwaka ninaousimulia ni ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na jambo moja tu lilimnyima Mama Mihayo raha. Mjukuu wake Shimba, mtoto wa binti yake Dorcas, alikuwa hali chakula. Jina ni la simba, lakini mwili wote ungeuweka kwenye kapu la nyanya. Maziwa ya Dorcas yalikuwa yanakauka, uji mtoto aliutema, na mbavu zilihesabika. Nesi wa kliniki alisema apewe kidogo kidogo, asilazimishwe. Bibi alisema aachiwe asubuhi moja tu. Dorcas alikataa katakata.

"Mama, mwanangu usimguse," alimwambia mbele yangu.

"Nimelisha nusu ya mji huu, nishindwe na damu yangu?"

"Nimesema usimguse."

Sababu ya Dorcas kukataa ilikuwa nyuma ya jiko la Mfaransa. Soko huria lilikuwa limefunguka na kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu mitumba, yule baa, mwingine kiwanda cha minofu ya sangara. Mfaransa wetu, Musyu Etieni, akafungua mgahawa. Walikuja marubani wa ndege za samaki, wenye viwanda, wanunuzi wa dhahabu, watu wa mashirika waliokuwa njiani kwenda kwenye makambi ya wakimbizi ya Ngara, na watu wetu wa hapa hapa waliotajirika juzi na kutaka waonekane. Fahari ya Musyu ilikuwa maini ya bata aliyenenepeshwa, mwenyewe aliyaita fwagra. Mwanzo yalikuja kwa makopo, baadaye akaamua kufuga. Bata anatiwa faneli kooni, anamiminiwa mahindi yaliyochemshwa na mafuta, tena na tena, mpaka ini linavimba na kujaa tumbo zima. Mfanyakazi wa kwanza aliwakaba nusu yao wakafa. Siku moja Dorcas, mhudumu mwenzangu, akatania kwamba mama yake angewaweza. Musyu hakuuchukulia kama utani, akamwajiri.

Mimi ni Mwislamu na sina ugomvi na bata. Seif wa jikoni ndiye aliyechinja, na alichinja kwa bismillahi. Ugomvi wangu ulikuwa na lile banda. Mama Mihayo aliitupa faneli mapema. Alimlaza bata mapajani, akakunja kiganja, akaimba. Muda si muda hakuhitaji hata kuwashika. Ukifungua lango aingie, bata wote waligeuka kwa pamoja, wakainua shingo, wakafungua midomo. Hawakulia wala hawakusukumana. Ilikuwa kimya hata unasikia maji ya ziwa yakigonga mawe. Nilichukia kupita pale, nikawa nazungukia mbele hata nikiwa na ndoo ya maji machafu.

Maini yenyewe yaligawa watu. Rubani mmoja alifumba macho akasema hata kwao hajala kama yale. Mke wa mwenye kiwanda alirudisha sahani akidai ini halijaiva, likarudi limeungua kidogo, akalirudisha tena. Afisa mmoja aliyaagizia ugali na pilipili, akala kwa mkono mpaka akaramba vidole, na Musyu alijifungia stoo kwa hasira. Padri mmoja aliposikia bata wanalishwaje alisema ni dhambi, halafu akamalizia sahani ya jirani yake. Hayo yote ni ya kawaida. Kila mgeni na ulimi wake.

Ya Bwana Ndalahwa hayakuwa ya kawaida. Huyu alikuwa na malori yanayovuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, mtu wa sauti kubwa, mzaliwa wa Mabatini. Jumapili moja mchana alikuja na mkewe. Akakata kipande, akakitia mdomoni, akaweka uma chini. Mikono akailaza mapajani. Mdomo ukafunguka ukabaki wazi.

Nilidhani amepaliwa, nikakimbia na maji. Hakuwa amepaliwa. Macho yalikuwa yananitazama na machozi yanashuka.

"Baba Kashindye, watu wanatuangalia," mkewe alinong'ona. Akachukua kijiko, nadhani kwa aibu tu, akamtilia kipande kingine. Akameza bila kutafuna. Akamtilia kingine, akameza. Alifunga mdomo sahani ilipokwisha.

Nilimfuata nje, maana mimi siwezi kujizuia. "Shikamoo mzee. Chakula kilikuwa na shida?"

"Marahaba. Sijui, binti." Aligusa kidevu. "Nilisikia kiganja hapa."

"Na ladha je?"

"Ladha sikuisikia."

Jumapili iliyofuata alirudi. Hakuonekana mwenye hamu, alitembea kama mtu aliyeitwa polisi. Halafu akaja mwalimu wa kike, akaja karani wa posta, na wote niliwaona vile vile, mikono mapajani, mdomo wazi, wanasubiri mtu awatilie. Wageni wa mbali walikula na kusifu au kulalamika. Hawa hawakusifu wala hawakulalamika. Nilianza kuwauliza kwa ujanja walikulia wapi. Mabatini, Mabatini, Mabatini. Nilipomweleza Dorcas alikaa chini kwenye gunia la vitunguu. Yeye maini yale hakuwahi hata kuyaonja.

Ikaja Jumapili ambayo Shimba hakuwa na nguvu hata ya kulia. Dorcas alikuja naye kazini mgongoni kwa sababu aliogopa kumwacha. Mchana ule wadudu wa ziwani walikuwa wamesimama juu ya maji kama moshi, ndege aina ya korongo wamejipanga kwenye ukuta, na ukumbini meza tatu zilikuwa na watu waliokaa midomo wazi. Nilipita katikati yao na sahani mikononi. Nilikuwa naogopa, sitaficha.

Nikamwona Dorcas akimfungua mtoto mgongoni na kutoka mlango wa jiko. Nikamfuata.

Mama Mihayo alikuwa bandani, ameketi chini, bata wamemzunguka. Dorcas akasimama mbele yake.

"Mama, mlishe."

Bibi aliinua uso. Nimeona watu wakipewa zawadi, lakini furaha ile sijaiona tena. Akaifuta mikono kwenye khanga, akanyoosha miguu, akampokea mjukuu wake. Uji ulikuwepo, Dorcas alikuwa nao kwenye chupa. Mtoto akamtazama bibi yake na mdomo ukafunguka. Ukabaki wazi.

"Ona!" Dorcas alilia kwa furaha. "Anataka! Mama, anataka kula!"

Kiganja kilikuwa kimeshakunjwa. Kilifika kidevuni kikasimama. Mama Mihayo alimtazama mtoto, akawatazama bata, wote shingo juu, wote kimya, akarudi kumtazama mtoto. Mikono ya Shimba ilikuwa imelala ubavuni, haitikisiki.

"Huyu nimewahi kumlisha?" aliuliza.

"Hujawahi, mama. Mimi ndiye niliyekataa."

"Sasa ni nani aliyemfundisha?"

Akaurudisha ule mkono mpana kifuani mwake.

"Huyu hana njaa, ng'wanawane, mwanangu," alisema. "Huyu ananiogopa." Kisha, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Wote walikuwa wananiogopa."

"Mama, mlishe!"

"Mchukue. Mpeleke hospitali. Mtu yeyote asimshike kichwa."

"Mwanangu anakufa, mama, na wewe ndiye uliyekuwa unaniomba!" Dorcas alipiga kelele mpaka Seif akatoka na kisu mkononi. "Leo nakubali, leo ndiyo unakataa?"

Mama Mihayo alimweka mtoto mikononi mwangu, akatoka bandani, akashuka kwenye mawe mpaka majini, akaingiza mikono yote miwili hadi viwikoni. Mdomo wa Shimba ulikuwa bado wazi. Ulifungwa tulipofika barabarani, pale ambapo hangeweza kumwona bibi yake tena. Nilimshika Dorcas mkono tukapanda kwenda hospitali, na njia nzima alimlaani mama yake. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningemlaani zaidi.

Mtoto alilazwa. Alipewa kwa ncha ya kijiko, akatema, akapewa tena, akalala, akapewa tena. Dorcas aliniambia kuna saa alitamani kumbana pua yeye mwenyewe amalize kazi. Hakumbana. Shimba alibaki hai, ingawa kwa muda mrefu tulikuwa tunamtazama usingizini kuona kama kifua kinapanda.

Mama Mihayo hakurudi kwa Mfaransa. Musyu alimwaga mahindi bandani, mengi, akasema bata wakisikia njaa watakula wenyewe. Bata wakasimama juu ya mahindi. Mahindi yaliwafunika vidole, na wao wametazama lango, shingo juu, midomo wazi. Walikufa mmoja mmoja wakiwa wamesimama hivyo, na aliyebaki hakumtazama aliyeanguka. Seif alikataa kuwagusa. Haikupita muda Musyu akafunga mgahawa na kuondoka, na miye nikapata kazi ya kuuza vitambaa kwa Mwarabu mmoja, ambako hakuna mtu anayekula chochote. Bwana Ndalahwa nilikutana naye sokoni amepungua mwili. Akanishika mkono kwa siri. "Binti," alisema, "nimeanza kusikia chumvi."

Dorcas alikaa muda bila kumsemesha mama yake. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda Mabatini, nikimkuta mlangoni, na akina mama bado wanamletea watoto. Aliwarudisha. Wengine walimtukana, wakasema kazeeka na roho mbaya. Alivumilia matusi yale vizuri kuliko alivyowahi kuvumilia sifa, na nilianza kumpenda, jambo ambalo sikulitegemea.

Siku ambayo Dorcas alikubali kupanda kilima na mtoto, nilikwenda nao. Shimba alikuwa anakaa mwenyewe sasa, ingawa shingo bado nyembamba. Tulimweka kwenye mkeka na sahani ya ugali na samaki sato. Mama Mihayo alikaa mbali naye, akasukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Aliikalia kwa uzito wake wote. Mtoto alimtazama. Midomo ikaanza kuachana, na Dorcas akanifinya nyama ya mkono kwa kucha. Bibi akageuza uso akatazama ukuta.

Alitazama ukuta muda mrefu. Nyuma yake Shimba alichovya kidole, akakiramba. Akabomoa ugali, ukamdondoka, akaufuata kwenye mkeka, akautia mdomoni. Akatafuna. Nimeangalia midomo maisha yangu yote na sijaona mtafuno mzuri kama ule. Dorcas alikuwa analia waziwazi, na mimi pia.

Kisha mtoto akachukua tonge jingine, akatambaa mpaka kwa bibi yake, akalinyoosha usoni kwake, kama watoto wafanyavyo wanapotaka kugawa. Mama Mihayo aligeuka. Mikono yake ilikuwa bado ameikalia. Mdomo ukafunguka papo hapo, kabla yeye mwenyewe hajajua, ukabaki wazi, na macho yake juu ya mkono ule mdogo yalikuwa macho ya bata. Kwa miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumwuliza ni nani aliyemlisha yeye utotoni.