Mlango wa Kushoto

Gari la baba yangu lilikuwa na jina la mtu mwingine mlangoni. Herufi saba, kwa rangi nyeupe nzito, kwenye mlango wa mbele wa kushoto, upande aliopenda kukaa Mzungu mwenye shamba la mibuni kule chini yetu. Baba alimfanyia kazi miaka kumi na moja, kwanza akiliosha gari hilo, baadaye akiliendesha. Bwana yule alipofunga virago kurudi kwao, gari lilikuwa limeshazeeka, na kahawa ya kihamba chetu, shamba la nyumbani pale Mwika, ilikuwa imepata bei nzuri misimu miwili mfululizo. Baba akalinunua. Alilipandisha mlimani mwenyewe, taratibu, na sisi tukatoka mbio kulipokea kama tunavyompokea bibi harusi.

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Siku moja baba alishuka Himo kununua chumvi na mafuta ya taa. Mwenye duka, ambaye hakumfahamu, alitoka nje, akasoma mlango, akamuuliza bwana yuko wapi na kama ametoa barua ya kuchukulia vitu. Baba akasema gari ni lake. Waliokuwa wamekaa barazani wakaangua kicheko, wala si kwa ubaya, walidhani anatania. Baba alirudi bila chumvi. Alilifunika gari kwa majani makavu ya migomba, akatangaza kwamba hataligusa tena mpaka jina lile liondoke. Mama naye akaongeza lake, kwamba yeye hapandi gari la watu.

Ndipo mimi nikasema nitalipaka rangi.

Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Maishani mwangu sikuwahi kupaka rangi hata kigoda. Lakini nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwaka wangu wa kwanza, nimekuja nyumbani likizo, na mwalimu wa miaka ishirini na mmoja hajui kutamka neno sijui. Baba alinitazama kwa muda. Yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Karatasi zake zote alizitia dole gumba. Lakini mimi alinisomesha, kwa kulifuta gari lile kila asubuhi kabla jua halijachomoza.

"Unaweza?" akaniuliza.

"Naweza, Baba."

"Basi Jumapili nitampeleka mama yako kanisani."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kesho yake alfajiri baba akashuka kwenye shamba letu la chini, kule tambarare, kuvuna mahindi. Alisema atarudi Jumamosi.

Siku hiyo hiyo nikapanda lori hadi Moshi kununua rangi. Dukani nilimkuta fundi mmoja wa mjini, Mwislamu wa makamo, kofia yake imejaa madoa ya kila rangi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akanisaidia kuchagua kopo la kijani kilichoiva kama jani la mbuni. Kisha akanionya mambo mawili. Yale maandishi niyakwangue mpaka nione bati tupu. Na rangi ile ni ya brashi, niipake kidogo kidogo, mara tatu, kila mara ikauke kabisa. Nikamjibu "ndiyo, mzee" huku mguu mmoja uko nje. Nilimwona ananichelewesha.

Alhamisi nikaanza kukwangua. Msasa nilionunua pamoja na rangi ulinila vidole kabla haujaila rangi. Zile herufi zilikuwa ngumu ajabu, zimepakwa na mtu aliyetaka zikae milele. Kufikia saa nane mchana weupe wake ulikuwa umefifia, lakini ukipitisha mkono ulikuwa bado unazisikia. Nikajiambia zinatosha. Nikajiambia pia kwamba nikifika kwenye bati litashika kutu, kana kwamba ndilo lililonisumbua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na mlima ulikuwa umejifunika mawingu, nikaogopa mvua.

Ijumaa nikachukua brashi. Nilipaka madigadi moja tu, nikasogea nyuma kutazama. Ilikuwa na michirizi kama ukuta uliokandikwa na mtu mwenye haraka. Hasira zikanipanda. Nikaitupa brashi majanini, nikaenda stoo kutafuta kitambaa, na huko nikaliona bomba la kubeba mgongoni, lile la kunyunyizia mibuni mrututu, dawa ya buluu ya kuzuia ugonjwa wa majani. Nilisimama nikalitazama bomba lile, nikajiona nina akili kuliko mafundi wote wa Moshi.

Nililisuuza mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Rangi nayo ilikuwa nzito, haikukubali kupita kwenye lile tundu dogo la mbele. Nikaiongezea petroli. Ikakataa. Nikaongeza tena, na tena, mpaka ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nikamwomba mama auzime moto wa jikoni, tukashinda na ndizi mbivu. Halafu nikalitia bomba mgongoni, nikavuta pumzi, nikaanza.

Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Ukungu wa kijani ulitua juu ya boneti bila mchirizi hata mmoja. Nilizunguka gari nikiimba. Nusu ya rangi ilikwenda na upepo, lakini sikuliona hilo mpaka mama alipokuja kusimama kando, mikono kiunoni.

"Baba," akasema, maana ndivyo alivyoniita akitaka kunichokoza, "migomba yangu umeipaka rangi ya migomba."

Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka wiki ile.

Jumamosi asubuhi gari liling'aa. Nililizunguka mara nne nikitafuta kosa, nikalikosa. Lakini rangi ya maji maji inapokauka hunywea, na hilo hakuna aliyeniambia, au niseme aliyeniambia sikumsikiliza. Mchana jua lilipogeuka na kuupiga mlango kwa ubavu, nikaziona. Kwanza ya kwanza, kisha ya tatu, kisha zote saba, kijani juu ya kijani, zimeinuka kama mishipa mkononi. Mtu aliyesimama mbele asingeziona. Mtu aliyepita kwa pembeni angelisoma lile jina lote.

Nikakimbilia kopo. Ilikuwa imebaki rangi ya kujaza kikombe kimoja. Nikaitafuta ile brashi niliyoitupa, nikaikuta imeganda na majani, nikaiosha kwa petroli, nikaipaka rangi yote iliyobaki juu ya jina. Herufi zikazama. Nikakaa chini kuzichunga. Baada ya saa mbili zikaanza kurudi, moja moja. Moshi ulikuwa mbali, na hata ningepata lori, duka lingekuwa limefungwa. Kukwangua sasa kungeacha kidonda cheupe mlango mzima. Nilifikiri kukimbia, nawaambia kweli. Nilifikiri kurudi shuleni kwangu kwa miguu na kuandika barua.

Baba alifika jua likizama, gunia la mahindi begani, na ukungu umeshashuka mpaka kwenye paa la nyumba. Alilitua gunia. Hakulisogelea gari. Alisimama pale penye njia, mbele, mahali ambapo herufi hazionekani, akalitazama kwa muda mrefu.

"Limeondoka?" akauliza.

Nilikuwa na nafasi. Hata leo naweza kuipima nafasi ile, ilikuwa na urefu wa pumzi moja.

"Limeondoka, Baba."

Akatabasamu, yeye ambaye hakuwa mtu wa kutabasamu, akaingia ndani kuoga. Mimi nikabaki nje nikijichukia.

Jumapili niliamka nikamkuta ameshanitangulia. Alikuwa amevaa suruali ya kanisani na fulana, ameshika kitambaa, analifuta gari lake kama alivyolifuta miaka ile yote akiwa mtumishi. Alianza na paa. Akaja kwenye boneti, kwenye taa, akazunguka upande wa kushoto. Nilisimama mlangoni mwa nyumba na kikombe cha chai ambacho sikuweza kukinywa. Kitambaa kikapita juu ya mlango, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kisha baba akakiweka begani, akanyoosha kidole, akakipitisha kwenye ile herufi ya kwanza, chini, juu, kuizunguka, bila haraka. Akahamia ya pili. Alizifuata zote saba mpaka mwisho, na hakukosea njia mahali popote. Baba yangu hakujua kusoma, lakini herufi zile alizipitishia kitambaa kila siku kwa miaka kumi na moja.

Nilisubiri ageuke. Hakugeuka. Alimalizia kufuta mlango, akakung'uta kitambaa, akaenda kuvaa shati na koti.

Mama akatoka amependeza, kitambaa kipya kichwani, akaelekea moja kwa moja kwenye mlango ule wa kushoto.

"Pitia upande wangu," baba akamwambia.

"Kwa nini?"

"Huo rangi yake bado mbichi. Utachafua nguo."

Sikuwahi kumsikia baba akisema uongo, wala kabla ya hapo wala baada. Mama alinung'unika, akakusanya nguo zake, akapanda kupitia mlango wa dereva na kujikokota mpaka kiti cha pili. Mimi nikakaa nyuma. Njia nzima baba hakunitazama kwenye kioo.

Kanisani aliliegesha gari kwa namna ambayo sijaiona kwa dereva mwingine. Alilisogeza, akarudi nyuma, akalisogeza tena, mpaka upande wa kushoto ukagusana na ua wa michongoma. Watu walilizunguka pande tatu wakilisifu, na wengine wakamwuliza fundi ni nani. Baba akanionyesha mimi kwa kidevu. Nikapewa mikono na watu ambao sikuthubutu kuwatazama usoni.

Wakati wa kukomunika, kuipokea sakramenti, ulipofika, wanaume wa benchi letu wakasimama. Baba akabaki amekaa. Mama, kutoka upande wa wanawake, aligeuza shingo kumtafuta kwenye mstari, akamwona bado yuko kwenye benchi, akanitazama mimi. Tangu nipate akili, baba hakuwahi kukosa kupokea siku ya Jumapili. Mwenye dhambi asiyoiungama hapokei, na asubuhi ile baba alikuwa amesema uongo mmoja tu, tena hakuusema kwa faida yake. Ningepewa viboko mbele ya wanafunzi wangu wote ningeshukuru.

Tulipofika nyumbani sikusubiri chakula. Nilikwenda mpakani mwa kihamba, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Kwetu, mtu akikuletea isale huwezi kumnyima msamaha, hata awe amekuchomea nyumba, na ndiyo sababu watu hawaliendei ovyo. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, koti limetundikwa, anatazama migomba iliyopakwa rangi. Nikalishika jani kwa mikono miwili, nikapiga goti.

"Baba, nilikudanganya. Jina bado lipo."

Alilipokea. Alilizungusha vidoleni kwa muda, akilitazama lile fundo.

"Nimekaa na jina lile miaka kumi na moja," akasema. "Ulidhani nitalisahau kwa siku nne?"

"Hapana, Baba."

"Ungeniambia jana. Mimi si mtu wa kuambiwa?"

Machozi yalinitoka na sikuyaficha, ingawa nilikuwa mwalimu. Baba akalichomeka jani la isale kwenye mfuko wa shati, akaniambia niinuke.

"Leo ni Jumapili," akasema. "Kesho lete msasa."

Jumatatu tulikaa chini wawili, bega kwa bega, mbele ya mlango wa kushoto. Nilipoweka msasa kwenye herufi ya kwanza, baba alinishika mkono.

"Ngoja. Hii inaitwaje?"

Nikamwambia. Akairudia polepole, akaifuata kwa kidole mara ya mwisho, akaninyang'anya msasa na kuikwangua mwenyewe mpaka bati likaonekana. Kisha akasogea kwenye ya pili.

"Na hii?"

Mama alituletea mtori wa ndizi pale pale tulipokaa, na mvua ikatunyeshea kidogo, ikapita. Hatukuinuka. Kufikia jioni baba yangu alikuwa anajua herufi saba, na mlangoni haikubaki hata moja.