Maziwa Yenye Ladha ya Chuma

Figo za mama mwenye nyumba wangu zilikuwa zinakufa, nami kila asubuhi nikimwambia amenawiri. Nilisema kwa moyo mweupe. Ulikuwa mwaka wa ukame, watu wamebaki mifupa, lakini yeye mashavu yamejaa na pete haitoki kidoleni. Majirani walisema mashallah. Mimi, mwalimu wa sayansi niliyeletwa Garissa kutoka bara, nikaitikia.

Nilimwita Habaryar, yaani mama mdogo, kama walivyomwita watoto wa dada zake. Aliuza maziwa ya ngamia. Mara mbili kwa wiki alipanda gari hadi Habaswein kuyachukua kwa wanawake wafugaji, na hakupokea dumu lolote kabla ya kumimina kidogo kwenye kifuniko na kuonja. Sokoni hakuna aliyebishana na ulimi wake. Akisema yamechacha, yamechacha.

Njiani hakunywa maji. Gari limejaa wanaume, na mwanamke wa umri wake atamwambiaje dereva asimame aende kichakani? Alijinyima tangu alfajiri hadi arudi nyumbani, katika joto ambalo hata mbuzi hugoma kutembea. Magoti yakimuuma alimeza vidonge vya maumivu, viwili viwili, kila siku, na vikimwishia nilimpa vyangu. Vya presha aliviacha zamani, kwa kuwa kichwa kiliacha kuuma.

Kisha akaanza kukataa maziwa. Alirudi siku moja amefura kwa hasira. Mwanamke aliyemuuzia tangu ujana wao, alisema, ameacha kutumia vibuyu vya kufukizwa moshi na sasa anaweka maziwa kwenye mikebe yenye kutu, na bado anaapa hana mkebe.

"Nimeonja, abaayo," aliniambia, akiniita dada. "Ni chuma tubu. Yeye naaba hakuna mkebe, mimi namwambia wewe mwongo."

Nilimuunga mkono. Nilisema watu siku hizi hawana uaminifu. Wiki iliyofuata akamkataa mwuzaji wa pili, halafu wa tatu, na bado sikujiuliza vipi Habaswein nzima ianze kutumia mikebe kwa wakati mmoja. Alijikuna mikono hadi ikachubuka, tukalaumu vumbi. Alichoka kabla ya adhuhuri, tukalaumu safari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini ya huyu hayakufichika. Maradhi yalikuwa usoni pake na sisi tunayasifu.

Siku aliyoshuka garini akihema, miguu imejaa hadi kandambili hazimwingii, ndipo nilipomkokota hospitali. Daktari, kijana mpole, alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Mama, mkojo unatoka povu?"

Habaryar aligeukia ukutani. Hakuwahi kutaja jambo hilo mbele ya mtu. "Ndiyo," alisema taratibu. "Kama maziwa inakamuliwa. Na siku hizi natoka kidogo tu."

"Na mdomoni unasikia ladha gani?"

Nilimwona akielewa kabla yangu. Alifunika mdomo kwa shungi lake, na nilipoelewa nami nilitamani sakafu ipasuke.

Daktari alieleza kwamba figo zikishindwa, maji hubaki mwilini na kuvimbisha uso na miguu, na uchafu unabaki kwenye damu, nao ndio unaoleta muwasho na ile ladha ya chuma. Presha isiyotibiwa ilikuwa imezila polepole. Vidonge vya maumivu na kiu ya barabarani vikazimalizia. Mtu mwenye presha apimwe damu na mkojo hata kama haumwi, alisema. Nikauliza kama zitapona. Akajibu kuwa kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu.

Sasa anaunganishwa na mashine mara mbili kwa wiki, na aliyejinyima maji anapimiwa maji kwa kikombe. Aliniomba nimpigie simu yule mwanamke wa Habaswein, nimwambie maziwa yake yalikuwa safi. Nikapiga. Siku ya tatu tulimwona mlangoni, ana vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

Habaryar alianza kuomba msamaha. Mgeni akamkatiza, na kwa heshima yangu akasema kwa Kiswahili:

"Mimi nilijua. Mtu anaonja maziwa miaka yote, halafu siku moja kila maziwa mbaya. Hiyo si maziwa, hiyo ni mtu mgonjwa. Hata ngamia akikataa majani yake, sisi najua. Lakini wewe uliniita mwongo mbele ya watu, walaal, dada yangu. Nilikuwa na hasira. Nikanyamaza."

Habaryar akasogea mkekani, akampisha akae.