Cherehani Niliyoitoa kwa Mikono Yangu

Mume wangu alipunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba miaka ile ya tisini, mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa. Nilikuwa na cherehani, nikaamua kukopa pesa ya vitambaa. Jirani yangu wa Mkolani, mama aliyeuza dagaa wa jumla, naye alitaka mtaji, tukaenda pamoja kwa mkopeshaji mmoja mjini. Tulikopa siku moja, kiasi kilekile.

Mimi nilisaini upesi, nikasimama. Jirani alikaa kwenye benchi akaisoma ile karatasi mstari kwa mstari, kisha akaomba nakala yake. Mkopeshaji aliguna lakini akampa. Moyoni nikasema, huyu anajidai. Wote wawili tuliishia darasa la saba.

Mwaka ule mitumba ilijaa sokoni, hakuna aliyetaka gauni la kushona. Yeye, mvua iliwanyeshea dagaa wake wakiwa wameanikwa mchangani. Tukachelewesha marejesho miezi miwili.

Asubuhi moja, saa nne hivi, wanaume wawili walikuja na pikapu. Walianzia kwangu.

"Mama, tumetumwa na tajiri. Lete pesa au lete mali. Ukileta ubishi, leo unalala mahabusu."

Niliogopa polisi, lakini zaidi niliogopa watu kusikia. Nikatoa sare ya shule niliyokuwa naishona, nikawashikia cherehani upande mmoja, tukaipakia. Hata niliwaambia waangalie isigonge mlango.

Kisha wakavuka kwenda kwa jirani. Alikuwa amesimama mlangoni, karatasi mkononi.

"Karibuni," alisema. "Amri ya mahakama mmekuja nayo?"

"Amri ya nini? Si unadaiwa?"

"Nadaiwa, sikatai, na nitalipa. Lakini hapa imeandikwa nikichelewa nishtakiwe. Haijaandikwa mtu aingie ndani kwangu. Kama mna barua ya hakimu, tumwite mjumbe wa nyumba kumi aisome, ndipo mchukue."

Walifoka, watu wakajaa. Yeye hakupandisha sauti wala hakusogea. Mwishowe waliondoka, na ndani ya pikapu kulikuwa na cherehani yangu tu.

Ningepaswa kumfurahia. Badala yake roho iliniuma kama nimemeza kaa la moto. Nilitamani wamchukulie walau redio, maana mchana ule ilikuwa inaimba na mimi nimekaa mbele ya meza tupu. Jioni mume wangu akamalizia. "Yule mama ana kichwa," alisema, akiendelea kula. Mimi sikula.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mkopeshaji kuomba cherehani yangu. Alikataa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipogeuka nikamwambia kwamba jirani yangu ana magunia matano ya dagaa waliosalimika na mvua kwenye stoo ya shemeji yake, kule Buzuruga. Hakuna aliyeniuliza. Nilijua shemeji yule ni mwoga kama mimi.

Kesho yake magunia yalichukuliwa.

Jirani alikuja kwangu macho yamevimba. Nilidhani amejua. Kumbe alikuja kunichukua.

"Twende mahakama ya mwanzo, dada. Na wewe cherehani yako walichukua vilevile, bila amri. Tukiwa wawili watatusikiliza."

Sikuwa na namna ya kukataa. Karani alituandikia malalamiko, na siku ya kesi mkopeshaji aliitwa. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, alimuuliza nani alimruhusu kuchukua mali za watu. Akatugeukia na sisi: deni ni deni, tulilipe kidogo kidogo kwa mpango atakaouandika. Lakini mali ya mtu haichukuliwi bila amri ya mahakama, na kifaa ambacho mtu anapatia riziki yake sheria inakilinda. Akaamuru vyote virudishwe.

Mkopeshaji, kwa hasira, akaninyooshea kidole. "Magunia nilielekezwa na huyu huyu hapa!"

Jirani alinitazama. Nikaangalia sakafu.

Cherehani ilirudi nzima. Magunia yalirudi matatu, mawili yalikuwa yameshauzwa, na thamani yake ikapunguzwa kwenye deni lake. Tulirudi kwa miguu hadi karibu na nyumbani.

"Nilikukosea nini?" aliniuliza.

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Hukunikosea. Ulisimama pale mlangoni, mimi nikajiona si kitu. Nilitaka na wewe uogope."

Alitikisa kichwa, akaingia kwake.

Hakunitangaza mtaani, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Alimaliza deni lake miezi mingi kabla yangu. Salamu aliitikia, ila sare za watoto wake alizipeleka kwa fundi mwingine, na alipita nazo mbele ya kibaraza changu bila kuzificha.

Wanawake wa Mkolani walianza kumwendea na karatasi zao za mikopo, awasomee kabla hawajasaini. Niliwaona wakipanga foleni kwenye kivuli cha nyumba yake, nami nikiendelea kukanyaga cherehani. Nilijua kwamba bila yeye ningekuwa nimekaa mikono mitupu. Bado nilimwonea wivu.