Karatasi Iliyofunga Akamwani

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kibeta aliniletea akamwani, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo sisi Wahaya humpa mgeni atafune kabla hajasema lililomleta. Alizifunga kwa kipande cha gazeti. Nilipokifungua, harufu ya kahawa na harufu ya wino zikanipanda puani pamoja. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena, nikaenda hadi mlangoni kana kwamba kuna mtu anakuja. Ndivyo nilivyo. Nina nyumba ya matofali niliyoijenga kwa jasho langu, nina stashahada ya uchapaji niliyoifuata ng'ambo bila kubebwa na mtu, mwanamke wa kwanza wa upande wetu kuwa nayo, na bado siwezi kukaa kwenye kiti mpaka chai ipoe.

Kutotulia huko nimekurithi kwa baba. Baba, Ta Zakaria kama walivyomwita kwa heshima, alikuwa mwenye gazeti. Msifikirie ofisi na simu. Gazeti lake lilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma, Kiswahili huku na Kihaya kule, na lilitoka chumba cha nyuma cha nyumba yetu karibu na Muleba, kwenye mashine ya kudurufu iliyozungushwa kwa mkono. Wino aliufuata Bukoba kwa baiskeli, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Alipoandika, alitembea. Alizunguka migomba akijisemesha, akakimbia ndani kuandika sentensi moja, akatoka tena. Mama alilalamika kwamba nyasi alizotandaza sakafuni zilichakaa kabla ya wiki kwa ajili ya mtu mmoja asiyejua kukaa. Lakini baba akiandika kwamba daraja limeoza, mafundi walionekana. Mukama, aliyetutawala chini ya Waingereza, hakumpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nilikuwa na miaka tisa ilipotoka amri ya kung'oa migomba. Wadudu walikuwa wakitoboa mashina, na wakaguzi waliingia kibanja baada ya kibanja, yaani shamba la migomba la kila nyumba, wakikata migomba yenye wadudu na isiyo nao. Kwetu mgomba ni chakula, ni kivuli cha kahawa, na chini yake ndipo tunapozika wazee wetu. Baba aliandika. Mukama akatuma neno: ikitoka karatasi juu ya amri ile, mashine itachukuliwa na mwenyewe atakwenda gerezani. Baba alichapa nakala chache za kujaribu, akazunguka, akasita. Hakutuma hata moja. Zilizoharibika alizichoma mwenyewe jikoni, kama desturi yake.

Asubuhi moja mama, ambaye hakujua kusoma, aliniita chumba cha mashine.

"Kemilembe, wewe msomi. Ipi hapa inasema habari za migomba, na ipi ni ya barabara?"

Nilimwonyesha, kisha nikamsomea yote bila kuombwa, kwa sauti ya mwalimu. Nilikuwa wa kwanza darasani. Msidhani nimeanza kujisifu uzeeni.

Mchana akaja Ta Kagaruki, tarishi wa Mukama, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa chekundu. Baba alimpokea huku akiinuka na kuketi.

"Mukama anauliza karatasi yako iko wapi."

"Hakuna karatasi, waitu. Mashine imekufa. Hata mpini hauzunguki."

"Imekufa lini?"

"Juzi."

"Poleni na msiba."

Mama akanisukuma begani. "Mpelekee mgeni akamwani. Chukua iliyo juu kikapuni, usichague."

Akamwani zetu zilifungwa kwa majani makavu ya mgomba. Iliyo juu ilifungwa kwa karatasi nyeupe, nami nikaona hiyo ndiyo heshima. Nikapiga magoti, nikaitoa kwa mikono miwili.

Ta Kagaruki akafungua, akatia buni mbili mdomoni, akatafuna. Kisha akaiona karatasi. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akaigeuza. Wino ukamwachia doa kidoleni. Baba alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutembea.

"Ta Zakaria," mgeni akasema, "maiti yenu inaandika vizuri."

Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya kofia, akaaga.

Baba hakunipiga, na ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Mwanangu, umenipeleka gerezani."

Mashine ikafichwa chini ya mtumbwi wa kukamulia ndizi za lubisi, pombe yetu. Baba alifunga shuka na sabuni katika furushi, akalifungua, akalifunga tena. Mbwa wa jirani akibweka, tulitoka uani sote. Mama peke yake aliendelea kumenya ndizi.

Siku ya soko tulikwenda Muleba. Penye mizani ya kahawa, mwanamume nisiyemjua alikuwa akisema maneno ya baba, neno kwa neno, na watu wakiitikia. Mwingine aliyasema penye mbuzi. Kumbe kila kibanja ambako Ta Kagaruki alitumwa kupeleka neno la Mukama, alitafuna akamwani za wenyeji, akavua kofia, akawasomea ile karatasi. Siku zilizofuata wanaume walisimama kwenye njia za vibanja vyao, na wakaguzi hawakupita. Baba akaitwa bomani Bukoba. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alimuuliza amesambaza nakala ngapi, naye akajibu kweli tupu kwamba hajatoa hata moja. Alirudi akiimba tenzi za kanisani juu ya baiskeli. Amri ikalegezwa, ukang'olewa mgomba mgonjwa tu. Tangu hapo, kabla ya kutangaza jambo, Bwana Shauri alimtuma mtu kusikiliza Ta Zakaria anasemaje.

Nami nikautwaa ushindi wote. Niliusimulia shuleni, nikausimulia ng'ambo siku niliyopokea stashahada yangu, nao wakapiga makofi: msichana wa miaka tisa, kosa la kitoto, migomba ikapona.

Ila wiki iliyopita, nikiwa nimesimama mlangoni na kile kipande cha gazeti mkononi, nilijiuliza swali ambalo mtu mwenye stashahada alipaswa kujiuliza mapema. Baba alichoma kila karatasi iliyoharibika. Mimi sikuifunga ile akamwani. Na mke wa Ta Kagaruki alichota maji chemchemi moja na mama. Kibanja cha Ta Kagaruki ndicho kilichokatwa kwanza, wakabaki na mashimo matupu. Hayo yote niliyajua. Sikuwahi kuyaweka pamoja.

Mara ya mwisho nilipoisimulia hadithi hii mbele ya mama, alikuwa mzee sana, akimenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Na aliyeifunga je?"

"Hilo si muhimu, mama," nikamjibu.

Akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.